Uzi wa pedali za kunasa na viatu vyake: amua kiatu kwanza, pedali itafuata

MlimaMeru (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Swali la pedali za kunasa hurudi humu mara kwa mara, na majibu huwa ni majina ya kampuni tu: huyu anasema Shimano, yule anasema Look, mwingine anaitetea Crankbrothers kana kwamba amelipwa. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu mjadala huo huanzia mwisho. Kabla ya kutaja kampuni yoyote, mwendeshaji anapaswa kujua mambo mawili: katika safari zake za kawaida atatia mguu chini mara ngapi, na ardhi atakayoikanyaga ni ya namna gani. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayoamua kiatu, na kiatu kikishaamuliwa, pedali za kuchagulia hubaki chache.

Kwa wageni wa jambo hili, pedali ya kunasa ina taya zenye springi, na chini ya soli ya kiatu hufungwa kipande kidogo cha chuma au plastiki kiitwacho kliti. Unakanyaga, kliti inaingia kwenye taya kwa mlio wa "tak", na mguu unabaki hapo hadi utakapozungusha kisigino kuelekea nje. Kampuni ya Look ya Nevers, Ufaransa, ilikuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1984 ikahamishia ujuzi huo kwenye baiskeli. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akitumia pedali hizo. Kabla ya hapo mabingwa walifunga miguu kwa vikapu vya chuma na mikanda ya ngozi, ambayo ilibidi uiname na kuilegeza kwa mkono kabla ya kusimama. Mwaka 1990 Shimano wakaleta SPD kwa ajili ya baiskeli za milimani, yaani kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli. Tangu hapo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya matundu mawili ya boliti chini ya soli. Kiatu chake kina soli ya mpira yenye meno, na kliti hujificha kwenye nafasi iliyoachwa katikati ya meno hayo, kwa hiyo ukishuka unatembea bila taabu kubwa. Humo wamo SPD, Time ATAC na Crankbrothers. Kiatu kimoja cha matundu mawili hukubali kliti za wote watatu, lakini kliti ya mmoja haiingii kwenye pedali ya mwenzake. Njia ya pili ni ya matundu matatu yaliyopangwa kwa pembetatu, ambapo kliti ni pana, ya plastiki, nayo hutokeza nje ya soli ngumu isiyo na meno. Humo wamo Look Keo na SPD-SL ya Shimano, na hao nao hawaingiliani, ingawa matundu ya kiatu ni yale yale. Iko pia Speedplay, ambayo sasa ni mali ya Wahoo, yenye mpango wake wa boliti nne na uhuru mkubwa wa kisigino kucheza kushoto na kulia. Ni pedali nzuri, lakini anayeishi mbali na duka lenye kliti zake atajipa kazi isiyo ya lazima.

Matundu matatu yana sifa za kweli. Kliti pana husambaza shinikizo chini ya unyayo, kiatu huwa chepesi, na baada ya saa nne au tano za lami mguu hauchoki sana. Gharama yake huonekana unaposhuka. Kwenye sakafu ya vigae ya kituo cha mafuta unatembea kama bata, na kwenye changarawe plastiki ile inalika kwa kasi ya kusikitisha. Kliti za SPD-SL zina vipande vya rangi pembeni. Rangi ikiisha na ukaona plastiki nyeusi, badilisha, usingoje mguu uanze kuchomoka wenyewe katikati ya kilima.

Hapa nataka kupunguza ahadi moja ya wauzaji. Mara nyingi mnunuzi huambiwa kwamba pedali hizi zitamwongezea nguvu kwa sababu ataweza kuvuta mguu juu. Mtu anayeendesha kwa mwendo wa kawaida hupata karibu nguvu yake yote kwa kusukuma chini, awe amenaswa au hajanaswa, na kujilazimisha kuvuta kwa safari nzima humchosha bure. Faida iliyo wazi ni nyingine: mguu unakaa mahali pamoja. Unaposhuka mteremko wenye mawe, unapoinuka kwenye tandiko kupanda kilima, au unapokimbizana na wenzako mita 200 za mwisho, unyayo hautelezi. Anayetafuta hilo atalipata. Anayetafuta miujiza ya kasi, afadhali fedha hizo aziweke kwenye matairi mazuri.

Sasa tuangalie uendeshaji wenyewe. Mtu wa lami tupu, anayetoka alfajiri na kikundi, akaenda Arusha hadi Moshi na kurudi huku akishuka kwa chai mara moja tu, matundu matatu yanamfaa bila ubishi. Kwa mashindano ya barabarani sina haja ya kueleza. Waliofuatilia mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza ya barabarani kufanyika Afrika, waliona jinsi wanaume walivyozungushwa kwenye vilima vile kwa kilomita 267.5, na kwa kazi kama hiyo soli ngumu na kliti pana vina maana yake.

Lakini wengi wetu humu hatuendeshi hivyo. Barabara zetu huanza na lami, zikageuka changarawe penye matengenezo, zikawa mchanga, zikavuka korongo ambalo daraja lake lilikwenda na maji, kisha zikarudi kuwa lami. Unashuka kumpisha ng'ombe, unashuka kusukuma baiskeli, unashuka kununua ndizi. Kwa mtu huyo ushauri wangu hauna mashaka: matundu mawili, hata kama baiskeli yake ni ya mbio na hata kama wenzake watamcheka kwa pedali za milimani. Pedali ya SPD yenye taya pande zote mbili, kama ile Shimano M520 ambayo imetembea dunia nzima, haikulazimu kuitazama unapokanyaga. Upande wowote utakaokutana nao unanasa. Ni nzito kidogo, takriban gramu 380 kwa jozi, lakini huvumilia mengi, na kliti zake ni rahisi kupatikana kuliko za aina nyingine yoyote. Mbio za changarawe kama Migration Gravel Race ya Maasai Mara, zilizoanza mwaka 2021 na zenye hatua nne, zina sehemu ambazo hata bingwa hushuka akasukuma, na kiatu kisichotembeleka hapo ni adhabu.

Wa milimani wao wanahitaji kitu cha kutoa mguu upesi na kuurudisha upesi. Wapo waendeshaji hodari wa njia ngumu za mawe wasiotaka kunaswa kabisa, nao hutumia pedali pana zenye pini ndogo za chuma na kiatu cha soli laini inayoshika. Huo ni uchaguzi kamili wa mtu anayejua anachofanya, na asiambiwe kwamba bado hajakomaa.

Triathlon, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, nitaigusa tu: viatu vyake vina mkanda mmoja au miwili mipana na kitanzi nyuma ya kisigino, ili mtu aliyetoka majini na miguu mibichi avivute upesi, na wengine huviacha vimenaswa kwenye pedali tangu mwanzo. Kama hushindani, huna sababu ya kuvinunua.

Kuhusu kiatu chenyewe, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hukagua soli ya kaboni, hukagua vifungo vya kuzungusha vya Boa, halafu wananunua namba wanayovaa ofisini. Kiatu cha baiskeli hakikunjiki, kwa hiyo hakitakusamehe. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa joto la mchana, ukiwa na soksi utakazoendeshea. Vidole vipate nafasi ya kucheza, kisigino kishikwe kisipande, na pembeni ya unyayo kusiwe na mahali panapobana. Kiatu chembamba kikikubana pembeni ukiwa umesimama dukani, baada ya saa mbili za jua la Dodoma vidole vitakufa ganzi na chini ya unyayo pataungua. Kampuni kadhaa, Shimano wakiwemo, hutoa toleo pana la viatu vile vile, na mwenye mguu mpana aulizie hilo badala ya kupanda namba mbili juu, kwa sababu kiatu kirefu kupita kiasi hupeleka matundu ya kliti mahali pasipo pake. Soli ya nailoni inatosha kwa karibu kila mtu. Kaboni ni ya mshindani, na kwenye kokoto huteleza.

Wengi wetu tunapata viatu hivi kwenye mitumba, iwe Karume au Gikomba, na sioni aibu yoyote hapo. Geuza kiatu kwanza: hesabu matundu na angalia kama nyuzi za skrubu ndani ya matundu bado ni nzima. Kiatu kikiwa kimekuja na kliti ya zamani, usihesabu kwamba itatumika, maana kuna kliti za Look za mtindo wa kale, Delta, zisizoingia kwenye pedali za Keo. Kisha bonyeza soli kwa kidole gumba na ukunje kidogo upande wa kisigino. Viatu vilivyokaa ghalani miaka mingi huonekana vipya, lakini povu la soli huwa limeoza ndani. Siku ya kwanza ya jua linamomonyoka kama keki na soli inabaki kwenye pedali. Ukiona mistari midogo ya mpasuko au unga unaoshika kwenye kidole, rudisha.

Naomba waliozoea maeneo ya udongo mzito waongezee, maana huku kwetu tope ni la msimu.

VumbiJekundu

Mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Mimi ni wa upande wa Limuru, nami nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila umepita haraka kwenye tope, na kwetu tope si jambo dogo. Udongo mwekundu wa mashamba ya chai ukilowa hujaza taya za SPD hadi kliti isipate pa kuingia. Unapiga kiatu kwenye pedali mara ya kwanza, ya pili, hakuna kitu, na wenzako wanakwenda. Hapo ndipo Crankbrothers aina ya Eggbeater inapojitetea: haina mwili wala sahani, ni nyaya za chuma zilizovuka na zenye pande nne za kunasa, kwa hiyo tope husukumwa likatoka upande wa pili. Time ATAC nayo hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Tahadhari ni kwamba kliti za Crankbrothers hutengenezwa kwa shaba nyeupe laini, na vumbi la changarawe huzisaga upesi kuliko chuma cha Shimano. Kwa hiyo anayekaa penye tope miezi mingi ya mwaka atafaidika, na anayekaa penye vumbi kavu atakuwa ananunua kliti tu. Jambo jingine ni kwamba kliti za kulia na kushoto zina maana: ile yenye alama ya vitone viwili, ukiifunga kwenye kiatu cha kulia, mguu huachiwa kwa nyuzi 15, na ukiifunga kushoto huachiwa kwa nyuzi 20. Wengi hufunga bila kusoma karatasi, kisha wanalalamika kwamba pedali inawatoa mapema.

Kuna pia udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata wa nyanda za chini. Huo hauna pedali inayouweza. Beba kijiti mfukoni.

Spoki32

Nami nitamtetea kidogo mtu wa lami. Mleta uzi ameandika kana kwamba matundu matatu ni ya washindani na matundu mawili ni ya binadamu wengine. Mimi huendesha Nairobi hadi Naivasha kwa barabara ya juu na kurudi, sishindani na mtu yeyote, na nilipotumia SPD ndogo kwa safari hizo nilikuwa nahisi kijipande cha chuma chini ya unyayo kuanzia saa ya tatu. Nilipohamia kwenye kliti pana, hali hiyo ikaisha. Kuhusu kutembea, kuna vifuniko vya mpira vinavyovikwa juu ya kliti, vinakaa mfukoni mwa jezi, na ukishuka kwa chai unavivaa kwa sekunde chache. Sitaki mgeni asome uzi huu akadhani amekatazwa.

MlimaMeru (mleta uzi)

Hajakatazwa, mkuu. Hata hivyo, ningependa kujua viatu ulivyokuwa ukitumia na SPD vilikuwa na soli ya namna gani. Mara nyingi maumivu ya chuma kwenye unyayo hutokana na soli laini kuliko kliti ndogo. Viatu vya matundu mawili vya bei ya chini hutengenezwa vikunjike ili mtu atembee vizuri, na soli inayokunjika huacha shinikizo lote lipite pale kliti ilipo. Soli ngumu ya matundu mawili huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ukishavaa soli ngumu na bado ukahisi chuma, basi kweli kliti pana ndiyo dawa yako, na kwa njia unayoitaja sina la kupinga.

Spoki32

Vilikuwa laini, nakiri hilo. Lakini kwa fedha ya viatu vigumu vya matundu mawili nilipata vya matundu matatu pamoja na pedali, kwa hiyo hesabu ikaniamulia.

Binti wa Bagamoyo Road

Samahani kwa kuingilia. Mimi nimefunga pedali za SPD karibuni, na goti la kulia limeanza kuuma upande wa nje baada ya safari za kawaida tu. Kabla ya hapo, kwa pedali za kawaida, sikuwa na maumivu yoyote. Je, nirudishe pedali, au nivumilie hadi mguu uzoee? Pia ninaogopa kuanguka kwenye mataa, kwa sababu nyuma yangu kuna daladala.

FundiMnyororo

Dada, usivumilie. Goti halizoei maumivu, linaharibika tu. Kwenye pedali za kawaida mguu wako ulikuwa unajichagulia pembe yake bila wewe kujua. Sasa kliti imeuchagulia. Fanya hivi. Kaa juu ya meza ndefu miguu ikining'inia bila kugusa chini, kisha tazama kidole gumba cha kila mguu kinaelekea wapi. Kama mguu wa kulia hutazama nje kidogo, kliti ya kulia nayo lazima ikuruhusu kukaa hivyo. Legeza boliti zake mbili kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, zungusha kliti kidogo sana, kaza, kaendeshe safari fupi, rudia. Badilisha jambo moja kwa wakati, na piga mstari kwa kalamu kuizunguka kliti kabla ya kuigusa, ili ujue ulikotoka.

Kwa mbele na nyuma, tafuta kifundo kinachotokeza cha kidole gumba na kile cha kidole cha mwisho ukiwa umevaa kiatu, weka alama zote mbili ubavuni mwa kiatu, halafu katikati ya kliti ikae kati ya alama hizo. Ukikosea, kosea kwa nyuma. Kliti iliyosogea nyuma hupumzisha misuli ya shavu la mguu na hupunguza kuungua kwa unyayo.

Jambo la uhuru wa kisigino wengi hawalijui. Kila kliti ina nafasi fulani ya kucheza kabla haijakuachia. SPD ya kawaida ina takriban nyuzi 4. Kwa matundu matatu, rangi ndiyo inayosema: kwa Shimano, njano ni nyuzi 6, buluu ni 2, na nyekundu haichezi kabisa, kwa Look Keo, nyekundu ni 9, kijivu ni 4.5, na nyeusi ndiyo isiyocheza. Angalieni vizuri hapo, nyekundu ya Shimano na nyekundu ya Look ni kinyume kabisa. Nimeona mteja aliyetoka Look akanunua nyekundu ya Shimano kwa mazoea, akarudi akichechemea. Anayeanza, au mwenye magoti yenye historia, achukue yenye uhuru mkubwa. Kliti isiyocheza ni ya mtu ambaye pembe yake imepimwa na mtaalamu.

Kuhusu kuanguka: kila pedali ya SPD ina skrubu ndogo inayoongoza ukali wa springi. Ilegeze kabisa pande zote mbili za kila pedali kabla ya kwenda barabarani. Shika ukuta au mti, ingiza na utoe mguu hadi usiwe unafikiri, kisha rudia kwenye nyasi ukiwa kwenye mwendo. Barabarani, toa mguu mapema, wakati bado unakaribia mataa. Anayengoja hadi baiskeli isimame ndiye anayekwenda chini kama gunia. Shimano wana kliti iitwayo SH56 inayoachia kwa pande nyingi zaidi kuliko SH51 inayokuja ndani ya boksi. Kwa mtu wa mjini inasaidia, ila usiitumie kukimbizana, maana ukivuta kwa nguvu inaweza kukuachia.

Binti wa Bagamoyo Road

Nimekuelewa, fundi. Na je, kama kwa siku za kazi nataka kuvaa viatu vya kawaida kwenye baiskeli hiyo hiyo?

MlimaMeru (mleta uzi)

Kuna pedali zenye sura mbili, upande mmoja una taya za SPD na upande wa pili ni bapa wenye pini ndogo za kushika soli. Shimano EH500 ni mfano mmoja. Usumbufu wake ni kwamba unapoondoka kwenye mataa huna hakika upande gani uko juu, kwa hiyo unageuza kwa ncha ya kiatu. Kwa mtu anayechanganya kazi na mazoezi, usumbufu huo unavumilika, nami singemshauri aliye na safari fupi za mjini tu anunue viatu vya kunasa hata kidogo.

FundiMnyororo

Kabla uzi haujasogea mbali, niongeze mambo matatu ya karakana, kwa sababu ndiyo yanayoniletea wateja.

La kwanza ni kufunga pedali yenyewe. Pedali ya kushoto ina nyuzi za skrubu za kinyume, na kila mwezi naletewa mkono wa pedali ulioharibiwa na mtu aliyelazimisha. Soma herufi L na R kwenye ekseli. Paka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole, usianze kwa spana. Ukitaka kukumbuka upande wa kuzungusha: kwa pedali zote mbili, juu ya ekseli huzunguka kuelekea mbele ya baiskeli unapokaza, na kuelekea nyuma unapofungua. Nyingine hutumia spana ya 15, nyingine alenki ya 6 au 8 kutoka upande wa ndani, lakini mwelekeo haubadiliki.

La pili ni boliti za kliti. Zipakwe grisi na zikazwe kwa nyutoni mita 5 hadi 6. Asiye na spana ya kupimia akaze kwa alenki fupi hadi mkono ugome, kisha akague tena baada ya safari ya kwanza. Kliti iliyolegea ina hatari ambayo wengi hawaitarajii: ukizungusha kisigino, kliti inazunguka kwenye kiatu badala ya kutoka kwenye pedali, na mguu haufunguki kabisa. Ikikutokea, usipigane na pedali. Egemea ukuta au mwenzako, fungua kiatu, toa mguu, kiatu kibaki kimening'inia, kisha ukaze boliti kupitia hapo ukiweza kuzifikia.

La tatu ni kwa ajili ya watu wa changarawe. Vichwa vya boliti hujaa vijiwe na udongo unaokauka ukawa kama saruji, na siku ya kubadilisha kliti alenki haiingii, mtu akilazimisha kichwa kinakuwa mviringo. Dondoshea nta ya mshumaa kwenye vichwa hivyo mara tu unapomaliza kukaza. Siku ya kufungua, unaichokoa kwa msumari na kichwa kiko safi.

VumbiJekundu

Hilo la nta nalichukua. Swali moja kwa fundi: nimenunua viatu vipya vya milimani vyenye meno marefu, na Eggbeater yangu haishiki vizuri kwa mguu mmoja tu. Kliti ni mpya.

FundiMnyororo

Meno ya mpira yanagusa nyaya za pedali kabla kliti haijafika chini. Paka chaki kwenye pedali, jaribu kunasa, kisha tazama chaki imeshika wapi kwenye soli. Pale iliposhika, punguza mpira kwa kisu kikali, kidogo kidogo, au weka kipande chembamba cha kuinulia chini ya kliti. Crankbrothers huvitoa pamoja na kliti zao. Anza na kipande hicho, maana mpira ukishakatwa haurudi. Kwa kuwa ni mguu mmoja tu, huenda kliti ya upande huo imesogezwa mbele au pembeni zaidi ya mwenzake, ikawa karibu na meno. Pima zote mbili kutoka kwenye ncha ya kiatu kabla hujashika kisu.

VumbiJekundu

Nimepima. Ya kushoto iko mbele kwa karibu milimita 4. Nimeirudisha nyuma, inashika.